Waume wa Wajane

Profesa Ottavio Malvezzi alikuwa na kipaji kimoja ambacho hakuna mtu katika Kitivo cha Sheria cha Montelauro aliyethubutu kukitaja. Aliweza kulala usingizi wa pono akiwa ameketi wima, kidevu juu, macho nusu wazi, hata mgeni akaapa kwamba mzee anatafakari. Asubuhi hiyo ya Mei alilala kwenye safu ya mbele ya Ukumbi Mkuu, katikati ya mkewe na kapu la maua, huku watu themanini wakimsifu kwa zamu.

Walikuwa wamekuja kuzindua kitabu chake cha heshima. Kurasa mia tisa, jalada la kijani, jina lake kwa herufi za dhahabu. Hapo Montelauro profesa hastaafu hivi hivi. Wenzake na wanafunzi wake wa zamani humwandikia kitabu, kila mmoja makala yake, kisha huitana siku moja, husomeana muhtasari, hula zeituni za kukaanga na kurudi makwao. Kukisoma kitabu chenyewe ni habari nyingine. Kila mwandishi hufungua ukurasa wake, huhakikisha jina lake halikukosewa, huangalia kama adui yake amepewa kurasa nyingi kuliko yeye, basi, kazi imekwisha.

Nives Tarducci naye alifungua ukurasa wake, wa mia sita na kumi na moja, akiwa safu ya sita karibu na dirisha. "Haki ya Maji katika Miji ya Vilimani", na chini yake majina mawili, Corrado Malvezzi na Nives Tarducci. Majina hayo kukaa pamoja kwenye karatasi nzuri kulimfanya atabasamu peke yake. Kisha akashusha macho kwenye tanbihi ya kwanza, ile ya maandishi madogo chini ya ukurasa. Akaisoma. Akairudia.

"Makala hii ni tunda la fikra za pamoja za waandishi. Hata hivyo, sehemu ya 1 na ya 7 ni za N. Tarducci, na sehemu ya 2 hadi ya 6 ni za C. Malvezzi."

Maneno yenyewe aliyajua, aliyaandika yeye mwezi wa Januari. Ila alipoyaandika, majina yalikaa kinyume chake.

Watu wa nje wanaweza kucheka, wakasema tanbihi tu hiyo. Wanasheria wa kule hawacheki. Wawili wakiandika pamoja, ni lazima waseme nani aliandika nini, kwa sababu jopo la kuajiri humhesabia mtu zile sehemu zake tu. Sehemu ya kwanza ilikuwa utangulizi, ukurasa mmoja na nusu. Ya saba ilikuwa hitimisho, aya tatu. Kurasa thelathini na tano za katikati, alizozifanyia kazi miaka mitatu katika chumba cha nyaraka cha manispaa, mahali penye baridi hadi mtu anaandika amevaa glavu, zilikuwa zimehamia kwa mwanamume ambaye hakuwahi kukanyaga chumba hicho hata kwa bahati mbaya.

Na kazi ilikuwa moja. Nafasi moja ya uhadhiri, maombi mwisho Ijumaa. Leo ilikuwa Jumanne. Mkataba wa Nives wa utafiti ulikuwa unaisha tarehe thelathini Juni, na baada ya hapo hakukuwa na kitu.

"Umegeuka rangi," alinong'ona Bi Argia, mkutubi, aliyeketi kando yake. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na miwili, mwembamba, mwenye ulimi ambao maprofesa waliuogopa kuliko faini za vitabu. "Umekula nini?"

Nives akamsogezea kitabu, akamwonyesha kwa kidole. Bi Argia akavaa miwani, akasoma, akaivua.

"Nani aliyesahihisha makala kabla ya kwenda kiwandani kuchapwa?"

"Corrado. Aliniambia nipumzike."

"Akakuambia upumzike!" Bi Argia aliguna. "Mwanangu, mimi nimefanya kazi hapa miaka thelathini na nane. Mwanamume wa Kitivo hiki akikuambia pumzika, hesabu vijiko vyako uone kama vyote vipo."

"Labda kiwanda kimekosea."

"Kiwanda kikikosea hukosea nukta. Hiki kimekosea jina, na kikakosea kwa faida ya mtoto wa mwenye sherehe. Kiwanda gani hicho kina adabu namna hiyo?"

Nives aligeuka mbele, maana wakati huo Corrado Malvezzi alikuwa anapanda jukwaani.

Ni aibu kusema, lakini moyo wake uliruka vile vile. Miaka minne haukuwa umejifunza. Aliviona vidole vile virefu vikigusa kipaza sauti, na nywele zile zilizoanza mvi masikioni mapema, zikamzidishia uzuri badala ya kumzeesha. Aliviona, akajichukia. Corrado akatazama ukumbini, akamtafuta, akampata, akamrushia lile jicho lake la upole, la sekunde moja, ambalo hakuna mwingine aliyelijua. Kwa jicho hilo Nives alikuwa amesubiri miaka minne. Miaka minne ya kuonana kwa kificho, ya kutoka mlangoni dakika kumi baada yake, ya kila Jumapili kula peke yake mkate na jibini huku Corrado akila mezani kwa mama yake. Mama hakutaka kusikia habari za binti wa mkata soli wa kiwanda cha viatu. "Mpe muda," Corrado alizoea kusema. "Mama ni mtu wa zamani."

Corrado alisema vizuri. Kusema ndiyo kazi waliyorithishana kwa vizazi vitatu, kama wengine wanavyorithishana duka. Alitaja maji, akataja haki, akataja "wanawake wetu wafua nguo wa Montelauro, waliosimama mbele ya baraza la mji mwaka elfu moja mia saba na ishirini na tatu kudai chemchemi yao." Alitua penye kutua. Alimtazama baba yake penye kumtazama. Bi Clelia, mama yake, alijifuta jicho ambalo halikuwa na chozi. Mara tatu Corrado alisema "utafiti wangu". Nives alihesabu.

Makofi yakapigwa. Mwenyekiti akauliza kama kuna swali, kwa sauti ya mtu anayeomba lisiwepo.

Mkono mmoja ukainuka. Ulikuwa wa Profesa Ersilia Quaranta, mwanamke mfupi kutoka kusini, mwenye fimbo ya kutembelea na miwani iliyofungwa kamba shingoni. Yeye alikuwa na tabia moja mbaya iliyofanya asialikwe sana. Vitabu vya heshima alivisoma.

"Nimeipenda makala hii," alisema bila kusimama. "Nimeisoma jana kwenye treni, nikasahau kuteremka kituo changu. Hasa sehemu ya nne, lile ombi la baraza. Nina swali dogo tu. Hilo ombi lilitiwa sahihi na nani?"

Corrado alitabasamu. Swali lilikuwa jepesi, na yeye alijua zama zile wanawake hawakujua kuandika. Kichwa chake kilifanya hesabu ya haraka.

"Swali zuri sana, Profesa. Kama ilivyokuwa desturi ya wakati ule, sahihi ni za waume zao."

Profesa Quaranta akainamisha kichwa kama mtu asiyesikia vizuri.

"Za nani?"

"Za waume zao. Mwanamke wa karne ile hakuwa na uwezo wa kisheria wa…"

"Waume zao," alirudia mama yule polepole. Akavaa miwani, akafungua kitabu. "Basi nisaidie, kijana. Kichwa cha sehemu ya nne, ambayo ni yako, ukurasa wa mia sita na ishirini na tisa, kinasema: 'Ombi la Wajane Kumi na Mmoja.' Waume wa wajane walitia sahihi vipi? Walifufuka?"

Mtu wa nyuma alikohoa ili asicheke. Wa pili alichelewa kukohoa, akacheka. Kicheko kikatembea safu kwa safu hadi mbele, ambako Profesa Ottavio alizinduka, akadhani amesifiwa, akapiga makofi mawili.

Nives alimtazama Corrado, na katika kumtazama alikumbuka usiku ambao alimsimulia habari za wajane wale, wao wawili wamelala chali kitandani, yeye akieleza kwa mikono, akilia kidogo kwa furaha, na Corrado akiitikia "mmh, mmh", kisha akakoroma. Nives alimfunika shuka siku ile. Alidhani amechoka.

Sasa Corrado alikuwa anafanya kile alichozoea kufanya mambo yakimwelemea. Aligeuza shingo kumtafuta Nives.

"Mwenzangu, Daktari Tarducci, yupo hapa," alisema, na sauti ikamrudia. "Alinisaidia katika baadhi ya nyaraka. Labda angependa kuongezea. Nives?"

Mbele ya watu themanini, kwa mara ya kwanza katika miaka minne, alimwita kwa jina lake la kwanza hadharani. Alimwita ili amwokoe. Na macho yalikuwa yale yale ya upole, yakimwomba, yakimwambia mpenzi nisaidie, tutaongea baadaye.

Nives akasimama.

"Samahani, Profesa. Ningependa sana kujibu. Lakini tanbihi ya kwanza inasema sehemu ya nne ni ya Daktari Malvezzi, na mimi siwezi kumjibia mtu kuhusu kitu alichokiandika mwenyewe. Mimi niliandika utangulizi. Kama una swali la utangulizi, nipo."

Akaketi.

Ilisikika sauti moja tu ukumbini, ya kurasa. Watu themanini wakifunua ukurasa wa mia sita na kumi na moja kwa pamoja. Bila shaka ndiyo mara ya kwanza katika historia ya Kitivo kile kwa kitabu cha heshima kusomwa na ukumbi mzima.

"Nimesubiri miaka thelathini na nane kuliona hili," alisema Bi Argia, akakunja miwani yake vizuri na kuitia kwenye mkoba.

*

Corrado alimfikia Nives uani, kwenye njia ya nguzo, karibu na bomba la maji la zamani lenye beseni la mawe. Ndani walikuwa wameanza kumimina mvinyo mweupe, na harufu ya zeituni za kukaanga ilitoka hadi nje. Alimshika mkono. Nives alimwacha aushike kwa muda mfupi, kwa sababu ulikuwa mkono anaoujua, kisha akautoa.

"Umenivua nguo mbele ya watu!"

"Mimi? Ulipanda pale bila nguo, Corrado. Mimi nilikataa tu kukuazima zangu."

"Mbele ya baba yangu! Siku ya baba yangu!"

"Baba yako alipiga makofi."

"Usifanye mzaha."

"Sifanyi mzaha. Nakuuliza, na unijibu kama mtu mzima. Nani alibadilisha majina?"

Corrado alipitisha vidole kwenye nywele. Alitazama nguzo, akatazama bomba, akatazama viatu vyake, viatu vizuri ambavyo pengine soli zake zilikatwa na baba yake Nives.

"Ilikuwa ni lazima," alisema hatimaye. "Jopo lisingenikubali. Sina kitu kingine cha maana mwaka huu, unajua."

"Uliniambia mwaka huu huombi. Uliniambia ni zamu yangu."

"Nilikuwa nataka iwe hivyo. Kweli nilitaka. Halafu Mama akasema…"

"Mama akasema!"

"Nisikilize kwanza! Mama akasema, kama nikipata kazi hii, nitakuwa na msimamo wangu, sitakuwa mtoto wa mtu. Naweza kuoa nimtakaye. Unaelewa? Nimefanya kwa ajili yetu. Nikiingia mimi, miaka miwili, mitatu, nakuvuta na wewe. Changu kitakuwa chako. Sasa kwa mume na mke kuna tofauti gani nani aliandika sehemu ya nne?"

"Kama hakuna tofauti, kwa nini hukuiacha ilivyokuwa?"

Nives alimwona akitafuta jibu, kwa ile sura yake ya mtoto aliyepotelewa na kifungo cha shati, sura iliyokuwa ikimyeyusha kila mara. Alingoja moyo wake uyeyuke. Safari hii haukuyeyuka. Badala yake aliona kitu ambacho pengine kilikuwepo siku zote. Mwanamume huyu hakuwa mwovu hata kidogo. Uovu unataka juhudi. Alikuwa mvivu tu, mvivu wa kusoma, mvivu wa kupenda, na maisha yake yote kulikuwa na mwanamke mahali fulani aliyekuwa akimmalizia sentensi.

"Yale maandishi uliyasoma?" aliuliza. "Hata mara moja? Kabla ya kuyaita yako?"

"Niliyapitia."

"Mwizi akiiba koti hulivaa kwanza aone kama linamtosha. Wewe hata hilo hukufanya."

"Nives, unaniita mwizi? Mimi?"

"Daftari la chumba cha nyaraka lina sahihi yangu mara arobaini na moja. Kila jalada, kila siku, saa ya kuingia na saa ya kutoka. Sahihi yako haimo hata moja. Niambie wewe nikuite nani."

Viatu vya visigino viligonga mawe. Bi Clelia Malvezzi alikuwa anakuja, shingoni lulu, mkononi sahani ya zeituni, na usoni tabasamu ambalo Nives hakuwahi kuliona, kwa sababu halikuwahi kuelekezwa kwake. Miaka minne mama huyu akipishana naye kwenye ngazi humtazama kama mtu anayetazama mwavuli wa mgeni, akijiuliza nani ameusahau.

"Nawatafuta ninyi," alisema kwa sauti tamu. "Corrado, rudi ndani, watu wanakuulizia. Binti, onja zeituni."

"Ahsante, sina njaa."

"Wasichana wa siku hizi hamli." Aliweka sahani juu ya ukingo wa beseni la bomba. "Yaliyotokea yametokea. Yule mama wa kusini ni kichaa, kila mtu anajua. Kesho utamwandikia kijibarua kifupi, umweleze kwamba ulibabaika, kwamba mwanangu alichanganyikiwa na uchovu, na sehemu ya nne ni yake kama ilivyoandikwa. Mistari mitatu tu. Halafu…" Akamgusa bega kwa ncha za vidole. "Halafu Jumapili uje nyumbani. Saa saba. Ule nasi."

Corrado aliinua kichwa haraka. Uso wake ulijaa mwanga. "Mama! Unasema kweli?"

"Mimi huwa sisemi uongo. Nimemtazama leo, nikasema moyoni, kumbe ana ulimi. Ulimi ukiwekwa mahali pake ni kitu kizuri kwa mke wa profesa. Nyumba haiwezi kuwa na maprofesa wawili, watoto watalelewa na nani? Lakini mmoja, na nyuma yake mke anayeelewa kazi…" Alitabasamu tena. "Mimi mwenyewe, binti, unadhani nani aliandika kitabu cha kwanza cha Ottavio?"

Alilisema kwa majivuno. Ndilo lililomtisha Nives kuliko yote. Alimtazama mama huyu, lulu, nywele zilizopangwa, mikono iliyotulia, akamwona msichana wa zamani aliyeketi mahali fulani kwenye baridi akiandika kurasa za mtu mwingine, akalipwa kwa kiti cha safu ya mbele karibu na mwanamume anayelala. Kwa mara ya kwanza alimwonea huruma. Huruma hiyo haikudumu.

"Bi Clelia," alisema, "miaka minne nimekuwa nikiota kula mezani kwako Jumapili. Nilikuwa nikifikiria nitavaa nini. Nilishona gauni, liko kabatini mpaka leo. Kumbe kiti hicho kina bei, na bei yake ni wajane kumi na mmoja."

"Usikuze mambo. Walikufa miaka mia tatu iliyopita."

"Ndiyo maana hawawezi kujisemea."

"Corrado," alisema Bi Clelia, na tabasamu likarudi lilikotoka, "mwambie huyu msichana wako asichezee bahati."

Corrado alisimama katikati yao. Nives alimwangalia, na hapa ukweli usemwe, alimwangalia kwa mapenzi. Bado. Laiti angesema neno moja. Laiti angemwambia mama yake aondoe zeituni zake. Nives angemsamehe tanbihi, angemsamehe ukumbi mzima, angemsamehe hata kule kukoroma.

"Nives, mpenzi," alisema Corrado, "mistari mitatu tu. Kwani itakuua?"

Bi Clelia akachukua sahani yake, akaridhika, akarudi ndani.

Waandishi wote walikuwa wamepewa asubuhi ile bahasha ya nakala za makala zao, vijitabu vyembamba vya kugawia marafiki, na desturi ni kuandika jina na salamu kwenye jalada kabla ya kugawa. Nives alifungua bahasha yake, akatoa kimoja, akakiegemeza kwenye nguzo na kutafuta kalamu. Corrado aliona, akashusha pumzi. Alidhani ni ile mistari mitatu.

"Unakumbuka tulivyoanza?" Nives aliuliza huku akiandika.

"Ngazi za maktaba." Sauti yake ililainika. "Ulinijia ukaniambia, Daktari, kitabu umekishika kichwa chini."

"Ndiyo. Ulikuwa unajifanya unasoma. Nikacheka, ukacheka. Nani alianza kuongea?"

"Wewe."

"Nani alisema kwanza anampenda mwenzake?"

"Wewe, Nives. Mimi nilikuwa naogopa."

"Basi umepatia kitu kimoja." Alipuliza wino ukauke. "Umesema sehemu ya kwanza na ya mwisho ni zangu. Sikubishii. Ya kwanza niliiandika kwenye ngazi za maktaba. Ya mwisho ni hii."

Akampa kijitabu. Corrado alisoma, na midomo yake ikasogea kama ya mtoto anayejifunza herufi:

"Kwa Corrado. Haya yalikuwa mapenzi ya watu wawili. Hata hivyo, mwanzo na mwisho ni kazi ya N. Tarducci. Mpaka Alhamisi jioni uwe umemwandikia mchapishaji barua ya kurekebisha majina, la sivyo Ijumaa maombi yangu yatakwenda na nakala kivuli ya daftari la nyaraka, kurasa zote."

"Huwezi kufanya hivi," alisema. Macho yalikuwa yamejaa machozi, ya kweli, na Nives aliyaona. "Unanipenda."

"Nakupenda," alisema Nives. "Nitakupenda labda mpaka mwisho wa mwaka, nikijitahidi nitamaliza mapema. Lakini kukuheshimu nimemaliza leo, kama saa tano na nusu, uliposema waume zao."

Akaondoka kwa mwendo wa kawaida. Hakulia mpaka alipofika nguzo ya mwisho, na hapo alilia kidogo, akiangalia ukuta, akapenga kamasi kwa leso ya karatasi, akaitupa.

Profesa Quaranta alikuwa ameketi peke yake kwenye benchi la mlango wa maktaba, fimbo kati ya magoti, kitabu cha kijani kimefunguliwa mapajani. Bi Argia alikuwa amemletea kahawa na kusimama kando yake kama askari. Mama yule aliinua macho, akamwona Nives amevimba macho, asimuulize.

"Tarducci ni wewe?"

"Ni mimi, Profesa."

"Kaa hapa. Treni yangu ni saa tisa, na bado sijajibiwa swali langu." Alisogeza fimbo kumpa nafasi. "Walitia sahihi waume zao?"

Nives aliketi. Kutoka uani ilisikika sauti ya Bi Clelia ikimwita mwanawe akapige picha.

"Hawakuwa na waume," alisema. "Walitia sahihi wenyewe."